Shanga 11 za Dada

Dada yangu anafundisha shule ya msingi huko Kondoa, nami nimebaki hapa Dodoma mjini, na siku yake ya kuzaliwa inakaribia. Nimeamua kumpa bangili ya shanga yenye neno moja lililoandikwa kwa alama za Morse, zinazoandika kila herufi kwa nukta na vistari, ambapo ushanga wa mviringo ni nukta na ushanga mrefu ni kistari. Neno lenyewe ni NIPO. Ndilo tunalojibizana kwenye simu tangu mama alipofariki: mmoja huuliza "Upo?", mwenzake hujibu "Nipo", na mara nyingi mazungumzo huishia hapo bila mmoja wetu kuhisi amepungukiwa.

Neno linalomjia mtu haraka kwa zawadi ya namna hii ni NAKUPENDA, lakini lina alama 22, na ukiongeza nafasi za kutenganisha herufi tisa, kifundo cha mkono cha mwanamke kinazungukwa chote na maandishi. NIPO lina alama 11 tu. Alama hizi tangu mwanzo zilipendelea ufupi. Ujumbe mashuhuri ambao Samuel Morse aliutuma kwa telegrafu tarehe 24 Mei 1844 kutoka Washington kwenda Baltimore ulikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza, yaliyotoka katika Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 23. Herufi zinazotumika sana katika lugha hiyo ndizo zilizopewa alama fupi kuliko zote, hivyo E ikawa nukta moja na T kistari kimoja, ilhali A, ambayo sisi Waswahili hatuwezi kusema lolote bila kuipitia, ina alama mbili. Hata wazee wetu waliokwenda posta kupiga simu ya maandishi walijua kubana maneno, kwa kuwa kila neno lililipiwa: "Baba mgonjwa njoo upesi", basi. Simu zile zilitisha kwa ufupi wake. Mimi nataka ufupi uleule umtulize mtu.

Shanga nilizifuata Soko la Majengo, kwa mama mmoja wa Kigogo ambaye vidole vyake vimezoea kazi hii tangu utotoni. Nilimwonyesha mchoro wangu kwenye karatasi, akaupitia kwa ncha ya sindano, alama moja baada ya nyingine, kisha akasimama kati ya herufi ya kwanza na ya pili.

"Mwanangu, hapa unataka niweke nini?"

"Paache wazi kidogo, mama."

"Pakiwa wazi, shanga zitateleza zikutane."

Hapo ndipo penye uzito wote wa kazi hii. Katika Morse ukimya nao unapimwa: kistari huchukua muda wa nukta tatu, na kati ya herufi na herufi husubiriwa muda wa nukta tatu pia. N ni kistari na nukta, I ni nukta mbili. Zikigusana zinakuwa kistari na nukta tatu, ambayo ni B. MA iliyobanana husomeka Q, kwa hiyo bangili ya MAMA isiyo na nafasi ingeweza kusomeka QQ milele. Yule mama alipendekeza ushanga mdogo mwekundu kila herufi inapokwisha, alama zenyewe zikiwa nyeupe, nami nikakubali mara moja, maana kila herufi sasa imesimama peke yake na uzi umejaa bila pengo.

Ndani ya bahasha nitaweka kadi yenye alfabeti yote ya Morse, wala sitaandika jibu. Shajara hii nayo nitaichapisha akishaipokea zawadi. Dada ni mwalimu; atachukua kalamu, aanze na kile kistari cha kwanza, na nadhani akifika kwenye P atakuwa ameshajua, lakini najua atamalizia O.