Vigae vya Kwale na wakulima waliovuka nyika

Masika yanapokwisha, kwenye njia za mashambani katika milima ya Upare Kusini, kaskazini-mashariki mwa Tanzania, maji huwa yamechukua udongo wa juu na kuacha vigae vya vyungu wazi chini ya migomba. Mwaka jana niliokota kimoja kisichozidi nusu ya kiganja, chenye mdomo uliokatwa mshazari kwa ustadi na mifuo miwili iliyopita sambamba chini yake. Nilikitazama, nikakirudisha palepale, kwa kuwa kigae kilichohamishwa hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Vigae vya namna hiyo ndivyo vilivyomwezesha mwanaakiolojia Robert Soper kuihusisha milima hii na Kwale, nchini Kenya. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1967 alieleza vyungu alivyovichimbua Kwale, karibu na vilima vya Shimba, vyenye midomo ya mshazari na mifuo, ambavyo kipimo cha kaboni kiliviweka kwenye karne ya 3 baada ya Kristo au karibu na hapo. Na vyungu vya mtindo huohuo alivikuta Upare Kusini na Usambara, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kwale. Waliovifinyanga huhesabiwa miongoni mwa wakulima wa mwanzo wa pande hizi waliojua kuyeyusha chuma.

Kati ya sehemu hizo kuna nyika, na hiyo nyika ndiyo inayonishughulisha zaidi. Shimba, Usambara na Upare hupata mvua inayotosha kilimo, ilhali nchi iliyo katikati ni kavu, na mtu akisimama kwenye ukingo wa magharibi wa Usambara huiona Upare ikiinuka ng'ambo ya bonde la Mkomazi kama kisiwa. Mkulima anayengoja mvua asingeweza kuenea huko kidogo kidogo, shamba likizaa shamba, ilimbidi avuke. Kwa hiyo siridhiki na ile mishale mirefu ya kuhama kwa Wabantu katika ramani za shuleni, inayotoka magharibi na kuufikia mwambao kwa mkupuo mmoja. Mimi naona safari fupi nyingi za watu waliokwisha kukijua kilima cha pili kabla ya kubeba mbegu na watoto.

Kwingineko meno husaidia kujua kama mtu alihama. Yule mtu wa barafu aliyekutwa mwaka 1991 katika milima ya Alps, aliyekufa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, gamba la meno yake lilihifadhi kemia ya maji na chakula cha utotoni, na wataalamu walipoilinganisha na ile ya mifupa yake waliweza kutambua kwamba alikulia bonde moja na kuishi ukubwani mahali pengine. Udongo wa milima yetu yenye mvua nyingi una asidi, nao huila mifupa. Kinachobaki ni udongo uliochomwa, pamoja na mavi ya chuma na kewa zilizovunjika, yaani mirija ya udongo ya mivukuto.

Lakini chungu si mtu. Mtindo waweza kuigwa, na chungu chenyewe chaweza kununuliwa. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akichunguza mwambao, alionyesha kwamba vyungu vya karne zilizofuata vilichipuka kutokana na vile vya mwanzo, na hoja hiyo ina uzito, kwa maana si kila badiliko la mapambo huhitaji wageni wapya.

Nililielewa hilo vizuri nilipoketi karibu na bibi mmoja mfinyanzi, akizungusha mdomo wa chungu kwa vidole vilivyolowa huku akiukata pembeni kwa kipande cha kibuyu. Nilidhani ufundi ule ni wa mama yake. Akaniambia hapana, alizaliwa Usambara, akaolewa Upare akiwa hajui kufinyanga kabisa, na aliyemfundisha ni mama mkwe. Vyungu vyake vyote, atakayevichimbua, vitamwonyesha mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka bonde.