Tetekuwanga haiondoki mwilini

Wiki hii nimekuwa nikiwaza jambo moja. Mzee wa miaka sitini na tano anayeamka na malengelenge ubavuni, yaani mkanda wa jeshi, hajaambukizwa na mtu. Virusi vilivyomtokea ni vilevile vilivyompa tetekuwanga akiwa darasa la pili. Watu huuliza kwa nini mkanda wa jeshi umempata fulani. Mimi hushangaa zaidi kwamba miaka yote hiyo haukumpata.

Wakati wa tetekuwanga, virusi hupanda kupitia neva za ngozi, na vingine hupitia kwenye damu, hadi kwenye vifundo vya neva, yaani mikusanyiko ya seli za neva, vilivyo pembeni mwa uti wa mgongo na vile vya kichwani vinavyohudumia uso. Humo DNA yao hujikunja duara ndani ya kiini cha seli ya neva, jeni karibu zote zikiwa zimezimwa. Seli za T, ambazo ni chembe nyeupe za damu za kinga, hutambua seli iliyoambukizwa kwa kuona vipande vya protini za virusi kwenye utando wake wa nje. Protini zisipotengenezwa, hakuna cha kuonekana. Dawa nayo haina pa kushika: asaikloviri, dawa inayotumika kutibu mkanda, huwashwa na kimeng'enya cha virusi vyenyewe, kisha huzuia DNA yao isinakiliwe. Virusi visiponakili chochote, dawa hupita tu. Ndiyo maana hakuna dozi itakayovisafisha, hata mtu akimeza vidonge mwaka mzima.

Hapo ndipo kinga inapokuwa na kazi ngumu. Njia yake ya kawaida ni kuua seli iliyoambukizwa. Seli ya ngozi ikiuawa, nyingine huota, lakini seli ya neva ikifa haina mbadala. Kinga ingefuata njia hiyo kwenye vifundo, tungepona virusi na kubaki na ganzi. Kinachofanyika badala yake kimeonekana vizuri zaidi kwa ndugu wa virusi hivi, HSV-1, vinavyoleta vidonda vya mdomoni baada ya homa. Ndani ya vifundo vya panya, seli za T aina ya CD8, zile za kuua, hukaa zimegusana na seli za neva zenye virusi. Virusi vikianza kuamka, seli hizo humwaga interferoni gama, inayovidhibiti bila kuua, na granzaimu B, ambayo kwingine mwilini ni silaha ya kuulia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hapa granzaimu B hukata ICP4, protini ambayo virusi huihitaji ili kuwasha jeni zao nyingine. Virusi hurudi kulala, na seli ya neva hubaki hai. Kwa binadamu pia, seli za CD8 zimekutwa zimezunguka seli za neva kwenye vifundo vya uso. Katika yote ninayoyajua kuhusu kinga, hili ndilo linalonigusa zaidi: seli yenye uwezo wa kuua inajizuia.

Mlinzi hasa ni seli ya T, si kingamwili, yaani protini za kinga zinazoelea kwenye damu. Watu waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili hawasumbuliwi sana na mkanda wa jeshi, ilhali wanaopungukiwa seli za T huupata mara nyingi na kwa ukali. Kwa wazee kingamwili bado hupimika vizuri kwenye damu, lakini seli za T zinazovijua virusi hivi zimepungua. Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, alihesabu wagonjwa wa mkanda wa jeshi katika eneo lake tangu 1947 hadi 1962 na kupata 192. Mwaka 1965 aliandika kwamba kinga hushuka polepole kadiri miaka inavyokwenda, hupandishwa tena mtu anapokutana na mtoto mwenye tetekuwanga au virusi vyake mwenyewe vinapoamka kidogo na kuzimwa, na siku ikishuka mno mkanda hutokea. Hoja hiyo ingali inasimama.

Afrika Mashariki tulijifunza somo hili kwa uchungu. VVU huangamiza seli za CD4, yaani seli za T zinazoongoza kinga, na kwa kijana mkanda wa jeshi mara nyingi huja mapema, kabla hajakonda wala kukohoa. Shirika la Afya Duniani linauweka katika hatua ya pili ya VVU. Kwa hiyo kijana mwenye mkanda apime VVU. Lakini jirani anayemnyooshea kidole kila mwenye mkanda anakosea: umri, saratani, dawa za steroidi za muda mrefu na dawa za kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa hufungua mlango huohuo. Pia, aliyeanza ARV anaweza kupata mkanda katika miezi ya mwanzo, CD4 zikiwa zinapanda. Kinga iliyoamka ghafla ndiyo inayopambana na virusi. Wapo wanaoona dawa zimewadhuru, wakaziacha. Asiziache, atibiwe mkanda huku ARV zikiendelea.

Kuna imani kwamba mkanda ukizunguka na kukutana, mgonjwa hufa. Kila kifundo huhudumia upande mmoja tu wa mwili, ndiyo maana malengelenge huishia katikati ya mgongo na ya kifua. Yakitawanyika mbali, zaidi ya ishirini hivi nje ya ukanda wake na kanda jirani, si kukutana kunakoua. Ni dalili kwamba kinga imeshuka sana, na mtu huyo anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa. Mtu husema ana kichomi, hupewa dawa za maumivu, na muda unapotea. Vipele vikitokea upande mmoja, saa zinaanza kuhesabiwa: matibabu yaanze ndani ya saa 72. Kwa mtu mzima asaikloviri ni miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, yaani vidonge vinne vya 200 kwa kila mara. Kosa ninaloliona baya zaidi ni kupewa kidonge kimoja cha 200 mara tano. Hiyo ni dozi ya HSV, na virusi vya mkanda ni sugu zaidi kwa dawa hii. Krimu ya asaikloviri haifiki kwenye neva. Mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe dozi na daktari, na kila anayemeza anywe maji ya kutosha. Majivu na dawa ya meno huongeza kidonda na kukaribisha bakteria. Maji safi na kitambaa kikavu vinatosha. Kipele kikitokea kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini, kwa kuwa neva ni moja. Aende kwa daktari wa macho bila kungoja. Mpaka magamba yakauke, akae mbali na wajawazito na vichanga, kwani majimaji yake yanaweza kumpa tetekuwanga asiyewahi kuugua.

Maumivu yakizidi miezi mitatu, neva imeumia. Amitriptilini, miligramu 10 hadi 25 usiku, husaidia wengi kuliko panado.

Chanjo ya Shingrix hubeba protini moja ya virusi, gE, na kiamsha kinga kinachozipandisha seli za CD4. Si virusi hai, hivyo hata mwenye kinga dhaifu anaweza kuchanjwa. Katika majaribio yaliyochapishwa 2015 ilizuia mkanda kwa takriban asilimia 97 kwa wenye miaka 50 na zaidi, kwa sindano mbili zinazopishana miezi miwili hadi sita. Virusi hubaki vifundoni kama mwanzo. Anayejua ataanza dawa za kushusha kinga na anaweza kuipata, achome kabla ya kuanza dawa hizo, seli zake za T zikiwa bado na nguvu ya kujifunza.