Tunza, wiki ya tisa: barua ya kumi na sita

Jumapili jioni niliingiza barua ya kumi na sita ya chama chetu kwenye folda ya barua, nikaendesha Tunza kama ilivyo desturi yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuiandika ikaniambia kwamba folda hiyo imeharibika. Stima ilikuwa imepotea Manyatta yote saa moja kabla, nayo kompyuta ikazimika papo hapo kwa kuwa betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo sikuhangaika kutafuta mshtakiwa mwingine.

Kwa aliyesahau, Tunza ni programu ndogo ninayoiandika kwa lugha ya C ili isome hazina ya Git (mfumo unaohifadhi faili pamoja na historia ya mabadiliko yake) na kuhakiki kwamba kila kilichomo ni kilekile kilichowekwa. Git huhifadhi folda kama orodha ya majina, na kila jina hufuatana na hashi ya SHA-1, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, yenye baiti 20, ambayo ikichapishwa huwa herufi 40. Tunza huingia ndani ya folda, husoma vyote vilivyomo, hukokotoa hashi upya, kisha huilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye orodha ya folda mzazi.

Jumatatu niliendesha git fsck, amri ya Git yenyewe ya kukagua hazina, nayo haikulalamikia chochote. Sikuiamini, jambo ambalo sasa linanichekesha, kwa maana Git imehakikiwa na maelfu ya watu tangu 2005 na Tunza ninaihakiki mimi peke yangu baada ya chakula cha jioni. Nikainakili hazina yote kwenye flashi, jibu likawa lilelile. Hapo ndipo nilipoiagiza Tunza ichapishe hashi zote mbili, moja chini ya nyingine.

Hashi iliyosomwa ilianza na 05000000, zikafuata herufi 16 zisizo na mpango wowote, kisha herufi 16 za mwisho ambazo zililingana kabisa na hashi sahihi. Nikaendesha tena: 05000000 palepale, za katikati zimebadilika zote, za mwisho zimetulia. Diski mbovu inaweza kusoma vibaya, lakini haibuni jibu jipya kila mara huku ikiuacha mkia salama. Uharibifu ulikuwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na aliyeufanya alikuwa mimi.

Nikatengeneza hazina za majaribio. Folda yenye faili 15 ilipita, yenye 16 ikakwama. Tunza huweka kila kinachosomwa katika safu moja inayoanza na nafasi 16, na safu ikijaa huitwa realloc, amri ya C inayopanua kumbukumbu hata kwa kuihamishia kwingine, ili kuiongeza maradufu. Folda ya barua hushika nafasi ya kwanza, barua 15 hujaza zilizosalia, na barua ya kumi na sita ndiyo inayoilazimisha safu kuhama.

Lazima nikiri kwamba usiku huo nilibadilisha 16 kuwa 64, lalamiko likatoweka, nikalala. Kwa siku mbili nilijiambia kwamba kazi imekwisha, ingawa nilijua vyema kwamba nimesogeza shimo mbele tu ili aangukie mwingine, au niangukie mimi mwenyewe chama kikiongeza barua.

Alhamisi nilirudisha 16 na kukusanya (compile) programu upya nikiwa nimewasha AddressSanitizer, zana ya kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, ambayo huifanya programu iende polepole takriban mara mbili lakini husema wazi. Ilinionyesha mahali ninaposoma, mahali kumbukumbu ilipoachiliwa na mahali ilipoombwa kwa mara ya kwanza, na kwamba anwani ninayoisoma iko baiti 4 ndani ya kipande cha baiti 512 kilichokwisha kuachiliwa. Hesabu ilijikamilisha yenyewe, kwa kuwa kila nafasi ina baiti 32 na nafasi zilikuwa 16.

Kosa lilikuwa hili: fanksheni inayoingia ndani ya folda ilipewa kielekezi (anwani ya kwenye kumbukumbu) cha nafasi ya folda hiyo katika safu, ikasoma watoto na kuwaongeza katika safu ileile, na iliporudi ikaendelea kutumia kielekezi cha awali. Safu ilikuwa imehamia kwingine, lakini kielekezi kilibaki kikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kuelewa kwa nini mkia ulisalimika. Kwenye Linux yangu, glibc, maktaba ya C inayogawa kumbukumbu, inapopokea kipande kidogo kilichoachiliwa huandika mambo yake katika baiti 16 za mwanzo: kwanza kiungo cha kipande kingine kilichoachiliwa, kilichochanganywa na anwani yenyewe, kisha namba ya bahati nasibu ya kugundua kipande kinachoachiliwa mara mbili. Baiti 4 za kwanza za nafasi ni aina ya faili, hashi huanzia hapo, hivyo baiti zake 12 zilifutwa na 8 zikabaki. Ndiyo maana folda ya hesabu, iliyo mbali zaidi ndani ya safu, haikulalamikiwa hata mara moja ijapokuwa ni kubwa kuliko ya barua.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko maelezo yake. Fanksheni sasa hupewa namba ya nafasi badala ya kielekezi, na anwani hutafutwa upya kila inapohitajika. Nilibadilisha sehemu nne, moja yake ikiwa katika msimbo wa kulinganisha ambao ningeapa kwamba ni salama. Nafasi za mwanzo nimezipunguza kutoka 16 hadi 1 katika majaribio yote, ili safu ihame tangu faili ya kwanza na kosa la aina hii lisipate pa kujificha.

Barua ya kumi na saba imeingia leo asubuhi na Tunza haikusema neno. Kinachofuata ni faili za pakiti, ambamo Git huweka vitu vingi pamoja, kwa maana bado inazijua zile zilizohifadhiwa moja moja tu, na siku katibu mwenzangu atakapoendesha git gc, amri inayovihamishia vitu kwenye pakiti, katika hazina hii, Tunza haitaona barua hata moja.