Akiamka usiku usimshike

Mume wangu alikuwamo kwenye meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Unguja, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Alikuwa anarudi Pemba baada ya Sikukuu. Alielea na godoro mpaka wakaja kumuokoa. Nyumbani watu wakaja, wakasoma dua, wakala, wakaondoka. Nikabaki na mtu asiyelala.

Godoro la sponji alilikataa siku ya kwanza. Alilala chini kwenye mkeka, tena mlangoni. Jirani akiwasha jenereta, ile harufu ya dizeli ikiingia tu, anatoka nje.

Kila mtu alikuja na dawa yake. Ana shetani. Mwanamme halii. Unamdekeza. Wifi yangu ndiye aliyenipoteza kabisa: "Wifi, mpandishe boti. Dawa ya moto ni moto." Nikamsikiliza. Nikatoa karibu pesa yote ya karafuu, nikakata tiketi mbili za kwenda Unguja, na mume wangu nikamwambia tunakwenda Mkoani kumtazama shangazi. Tulipofika gatini akanitazama, hakusema neno. Akanifuata. Alipoweka mguu kwenye ubao, ukatikisika kidogo. Akasimama pale pale, akaanza kuhesabu abiria kwa sauti, mmoja mmoja, mama na mtoto wake mgongoni, mzee na gunia lake. Alipofika arubaini na kitu akawa anawapigia kelele washuke. Jasho lilimtiririka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Nilimrudisha kwa gari ya kukodi. Siku nne hakusema na mimi, na haki yake, maana nilimdanganya. Asikwambie mtu habari ya kumzoesha kwa nguvu.

Usiku ndiyo ulikuwa mzito. Alikuwa akiamka anapiga mikono, nami namkumbatia. Siku moja akanikandamiza chini kwa nguvu zake zote. Baadaye, analia, akanieleza kuwa kule majini kuna mtu alimshika vile vile. Muuguzi wa afya ya akili ndiye aliyenifunza: usimshike, mwambie alipo. Basi nawasha taa, nasimama mbali, namwita jina lake. "Uko Wete. Leo Alkhamisi. Unasikia jogoo wa jirani? Mlango uko wazi." Naendelea hivyo mpaka mabega yateremke.

La karafuu nililigundua mwenyewe, na najivunia. Wakati wa msimu niliona akikaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mikono yake inatulia na anazungumza. Nikafunga karafuu kavu kwenye kitambaa, nikaiweka kichwani pa mkeka. Akishtuka anakishika, ananusa, mara nyingine anatafuna moja. Aliniambia, "Baharini hapakuwa na harufu hii." Sikuwa na haja ya maelezo mengine.

Na mimi nilichoka, tusifichane. Kila Ijumaa nilikwenda kulala kwa mama, mdogo wake akaja kukaa naye. Wakasema namkimbia mume. Bila usiku ule mmoja nisingeziweza zile sita.

Mwaka jana alikwenda Unguja kwenye harusi, kwa ndege, kitambaa mfukoni. Boti hajapanda na simuulizi. Godoro nilimpa dada yangu zamani. Karafuu nazibadilisha kila msimu, zile za zamani zikipoteza ukali.