Roboti ya majini kwa bwawa lenye tope

Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, kwa hiyo kukagua ukuta chini ya maji si kazi ya kumtuma mzamiaji kama kuna njia nyingine. Roboti kama BlueROV2 hushuka hadi mita 100. Kwa kina cha mita 5 au 6, hata ya kujiundia kwa mabomba ya plastiki na mota 3 za pampu ya boti za volti 12 inafaa.

Kinachoangusha wengi ni waya. Redio haipenyi maji vizuri, hivyo umeme na picha hupita kwenye waya, na watu huchagua ule wa mtandao wa kompyuta kwa wepesi wake. Mota zikizunguka kivivu, lawama hutupiwa betri. Piga hesabu: uzi mmoja una ukinzani wa omu 0.084 hivi kwa mita. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni omu 3.4, mota ikivuta ampea 3, volti 10 kati ya 12 zimeishia njiani! Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, hupoteza volti 0.9 tu. Wa mtandao uachie picha.

Roboti ya ujazo wa lita 8 iliyosawazishwa baharini Dar, isizame wala kuibuka, itazama Mtera, maana maji yasiyo na chumvi huibeba pungufu kwa gramu 200 hivi. Ongeza boya juu. Uzito wa chini usiuguse, ndio unaoizuia kupinduka. Boya liwe bomba lililozibwa pande zote, maana sponji husinyaa kadiri unavyoshuka.

Kwenye mkebe wa kamera, chembe moja ya vumbi juu ya oringi (pete ya mpira inayoziba mfuniko) inatosha kupitisha maji, na Dodoma vumbi halikosi. Futa, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, funga, kisha nyonya hewa ya ndani kwa pampu ya mkono yenye geji. Mshale wa geji usipotulia dakika 15, usitumbukize.

Taa zikae sentimita 30 pembeni mwa kamera, la sivyo tope litang'aa kama vumbi mbele ya taa za gari. Kwenye bwawa la Hombolo mvua zikinyesha, hata hivyo hutaona kitu. Hapo ndipo sona ndogo za siku hizi, vifaa vinavyochora picha kwa mwangwi wa sauti, zinapofaa kuliko kamera yoyote: sauti hupita kwenye tope mwanga unapokwama.