Nilivyofundisha protini za komplementi kwa damu ya sungura

Kwa miaka miwili nimekuwa nikifundisha somo la kinga ya mwili katika chuo kimoja cha afya hapa Unguja, na kila nilipofika kwenye protini za komplementi, yaani protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu, darasa lilipoa. Nikiandika ubaoni C1, C4, C2, C3, kisha C5 hadi C9, swali lilikuwa lile lile: kwa nini nne itangulie mbili? Namba hizo zilitolewa kwa kufuata mpangilio wa ugunduzi, si wa kazi. Lakini jibu hilo halikumwonyesha mtu protini hizo zinafanya nini ndani ya damu.

Nikaamua waone kwa macho. Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alionyesha mwaka 1895 kwamba seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, huua bakteria kwa vitu viwili vinavyosaidiana: kingamwili, ambazo hustahimili moto, na kitu kingine ambacho huharibika seramu ikipashwa hadi nyuzi 56 za Selsiasi. Hicho cha pili ndicho komplementi. Mimi nilichagua chembe nyekundu za sungura, kwa kuwa komplementi ya binadamu huzishambulia hata bila kusubiri kingamwili.

Daktari wa mifugo alitutolea damu kidogo kwenye mshipa wa sikio la sungura, nasi tukaziosha chembe zake mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Kisha nikatolewa damu yangu. Tyubu moja ya chembe hizo niliitia majimaji ya damu yangu mabichi, ya pili yaliyopashwa moto kwa dakika 30, nikaziweka zote katika nyuzi 37, nikitarajia chembe za ile ya kwanza zipasuke na ukungu wake ukatike. Hakuna kilichotokea. Zote zilibaki na ukungu mwekundu, na wanafunzi wakanitazama kwa heshima iliyoniuma kuliko kicheko.

Mzee wetu wa maabara ndiye aliyeokota ile tyubu niliyotolewa damu. "Maalim, kifuniko cha zambarau hiki." Ndani yake mna EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na magnesiamu huikamata vilevile. Bila kalsiamu C1 haishikani sawasawa. Bila magnesiamu hakiundiki kimeng'enya cha kuikata C3. Hayo niliyafundisha mwenyewe wiki moja kabla.

Siku ya pili nilitumia tyubu ya kifuniko chekundu, nikaiacha damu igande, na seramu nikaihifadhi katika barafu niliyonunua soko la samaki la Malindi, kwani komplementi huchakaa upesi katika joto letu. Safari hii, kabla ya nusu saa kutimia, ukungu wa tyubu ya kwanza ulikatika, maji yakawa angavu kama sharubati ya rozela, hata mistari ya daftari niliyoisimamisha nyuma yake ikasomeka. Ile ya seramu iliyopashwa moto haikubadilika.

Sasa ubao ulikuwa na maana. C3 hukatwa ikatoa C3b, ambayo hunata juu ya chembe ngeni na kuwa alama kwa chembe nyeupe zinazomeza vijidudu. Baadaye C5b huziita C6, C7, C8 na C9 kadhaa, zikaunda pete inayotoboa utando, maji yakaingia na chembe ikavimba hadi kupasuka. Niliwaambia ni kama mashua iliyong'olewa kalafati, ingawa mfano huo una kasoro: mashua huzama, haipasuki.

Binti mmoja akauliza, "Maalim, seramu ni yako, na chembe zako zimo humo humo kila siku. Mbona hazipasuki?" Nikamweleza kwamba chembe zetu zina protini ya CD59 inayoizuia pete isikamilike, na kwamba ndani ya seramu mna kizuizi kiitwacho H kinachozitambua chembe za mwenyewe. Hakuridhika, nami nisingeridhika. Tukaosha chembe zangu, tukatayarisha tyubu ya tatu kwa seramu ile ile, nayo ikakaa na ukungu wake hadi adhana ya alasiri.