Mara ya Pili Majini

6 Juni, usiku

Tarehe kama ya leo, mwaka 1912, John J. Pinder alizaliwa McKees Rocks, Pennsylvania. Tarehe hiyohiyo mwaka 1944 aliuawa kwenye ufukwe wa Omaha, Normandy, pwani ya Ufaransa, siku Marekani na washirika wake walipotua kupigana na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Ilikuwa siku anatimiza miaka 32. Kabla ya vita alikuwa mrushaji mpira katika timu za ligi ndogo za besiboli. Jeshini alikuwa fundi wa daraja la tano, cheo kinacholingana na koplo, kwenye Rejimenti ya 16 ya askari wa miguu wa Marekani. Mzigo wake asubuhi ile ulikuwa redio ya mawasiliano.

Jioni hii nimeyasoma mara tatu maelezo ya nishani ya ushujaa aliyopewa kwa siku ile. Mashua iliwashusha yadi 100 kutoka nchi kavu, rashasha na mizinga ya Wajerumani ikiwapukutisha wenzake. Maji ya kiunoni. Sisi tuliokulia pwani tunaijua kazi ya kutembea kwenye maji ya kiunoni na mzigo begani: wimbi likija linakusukuma mgongoni, likirudi linachota mchanga chini ya unyayo, na mikono yote miwili imeshika mzigo, huna pa kujishikiza. Na hapo hakuna anayekupiga risasi. Yeye alipigwa hatua chache tu kutoka kwenye mashua, akajeruhiwa vibaya, na redio hakuiachia. Akaifikisha.

Akakataa kujikinga. Akakataa kutibiwa. Akarudi majini kuokoa vifaa vingine vya mawasiliano, mara tatu, damu ikimtoka. Na maji yalikuwa yanajaa. Majeshi yalishushwa maji yakiwa yamekupwa, ili vizuizi vya chuma na magogo yenye mabomu ya kutegwa vionekane. Lakini pwani ile kupwa na kujaa hupishana kwa mita 6 hivi, na maji yalipopanda yaliwafuata majeruhi palepale walipolala.

Alitoa vifaa vingi humo, pamoja na redio nyingine iliyokuwa bado nzima. Safari ya tatu rashasha ikampata miguuni. Hata hapo hakupumzika. Akabaki mahali pa wazi, nguvu zikimwisha, akisaidia kufunga mawasiliano, mpaka risasi ya tatu ikammaliza akiwa kazini. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote Marekani, alitunukiwa tarehe 4 Januari 1945. Amezikwa kwao Pennsylvania.

Katika masimulizi yote haya hakuna mahali anapofyatua bunduki. Alikufa akihangaika ili sauti ya mtu mmoja imfikie mwingine.

Lakini kinachoninyima usingizi ni ile safari ya pili. Ya kwanza mtu anaweza kurudi majini kwa sababu damu bado inamchemka. Ya tatu, pengine mwili umeshaamua wenyewe. Ya pili akili ipo, maumivu yameshafika, na umekwisha kuona kule ulikotoka kukoje. Maelezo ya nishani hayana hata sentensi moja juu yake, yanaihesabu tu pamoja na nyingine. Mimi namwona ameweka kitu mchangani, kimelowa, kinachuruzika maji, kisha anageuka kuitazama bahari.